UZI: Gari la zimamoto limenunuliwa. Nani atalipanda saa nane usiku?

1/ Kila kukitokea moto mkubwa nchini, mjadala huwa ule ule. Upande mmoja unasema kaunti imelala. Upande wa pili unaposti picha ya gari jekundu likikatiwa utepe. Baada ya siku tatu tumehamia stori nyingine. Leo wacha tuufungue huu mjadala polepole. Kama kawaida hapa, sitaji mwanasiasa wala chama. Nataja sheria, hesabu na kazi yenyewe.

2/ Kwanza, hii ni kazi ya nani? Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Sehemu ya Pili, kipengele cha 12: huduma za kuzima moto na usimamizi wa majanga ni kazi ya kaunti. Rudi Sehemu ya Kwanza, kipengele cha 24: serikali ya kitaifa nayo imepewa usimamizi wa majanga. Kwa hivyo majanga ni ya wote wawili. Kuzima moto ni kwa kaunti.

3/ Hapo ndipo mpira huanza kurushwa. Duka likiungua, kila mtu anajua ni kaunti. Lakini jengo likiporomoka na watu wako ndani, kaunti husema hilo ni janga la kitaifa. Wa kitaifa nao huuliza timu ya uokoaji ya kaunti iko wapi. Kila mmoja ana nusu ya ukweli. Shida ni kwamba aliyefunikwa na zege hana muda wa kungoja hizo nusu mbili zikutane. Anayehitajika ni yule aliye karibu, na aliye karibu ni wa kaunti.

4/ Historia kidogo. Kabla ya ugatuzi kuanza 2013, zimamoto ilikuwa chini ya serikali za mitaa. Zilikuwa 175, na vituo vya maana vilikuwa kwenye miji mikubwa tu. Kaunti zilirithi kilichokuwepo. Ona Nairobi: sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286. Sensa ya 2019 ikahesabu 4,397,073. Kituo kikuu bado kiko Tom Mboya Street, mahali ambapo saa kumi na moja jioni hata mkokoteni hupita kwa kuomba.

5/ Sasa tuje kwa lile jibu maarufu: "tumenunua magari mapya." Sawa, hongera. Lakini fanya hesabu hii nami. Wiki ina saa 168. Mtu akifanya kazi saa 45 kwa wiki, unahitaji karibu watu wanne kujaza nafasi MOJA mchana na usiku. Weka likizo, ugonjwa na siku za mafunzo, wanakaribia watano.

6/ Gari moja linahitaji dereva anayejua pampu, kiongozi wa kikosi, na angalau watatu wa kushika mipira ya maji na kuingia ndani. Hao ni watano. Watano mara watano ni 25. Gari moja, watu 25 kwenye orodha ya mishahara. Kaunti ikikuambia ina magari manne na wafanyakazi 30, wewe tayari umejua: usiku huu gari moja ndilo lina watu kamili. Mengine yanangoja dereva.

7/ Mbona basi wanunue gari na wasiajiri? Si uovu peke yake. Sheria ya fedha za umma inataka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Kanuni za 2015 nazo zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Gari linahesabiwa maendeleo. Mzima moto anahesabiwa mshahara. Mafunzo, mafuta na ukarabati ni matumizi ya kawaida. Kaunti iliyofika kikomo cha mishahara inaweza kununua gari kesho, lakini haiwezi kumwajiri wa kulipanda.

8/ Na gari lina utepe. Mafunzo hayana utepe. Hakuna mheshimiwa aliyewahi kupigwa picha akizindua zoezi la tatu la mwaka la kutoa mtu kisimani. Hilo likae akilini, tutalirudia.

9/ Lalamiko la pili: "walikuja bila maji." Hili limefanya wazima moto warushiwe mawe mitaani. Hesabu tena. Chukua gari lenye tangi la lita 4,000. Mpira mmoja ukitoa lita 400 kwa dakika, tangi linaisha kwa dakika kumi. Mipira miwili, dakika tano. Moto wa soko la mbao au mtaa wa mabati hauzimiki kwa dakika tano. Wewe uliyefika dakika ya sita unaona gari limesimama, watu wamesimama, moto unaendelea. Unasema walikuja bila maji. Walikuja nayo, ikaisha.

10/ Ndiyo maana miji hujengewa haidranti, zile bomba za barabarani ambazo gari huunganisha mpira likavuta maji. Nenda uzitafute mjini kwenu. Nyingine zimejengewa vibanda juu, nyingine zimefukiwa na lami, nyingine ni kavu. Na mara nyingi maji yako chini ya kampuni ya maji, zimamoto iko chini ya idara nyingine. Ukiuliza nani anakagua haidranti, kila ofisi inaonyesha mlango wa jirani. Hili ni swali la bajeti kabisa na sijawahi kulisikia kwenye mkutano wa kampeni.

11/ Sasa sehemu ambayo mjadala wetu huruka kabisa: zimamoto si moto peke yake. Kote duniani, idara ya zimamoto ndiyo idara ya uokoaji. Kuna kazi angalau tano tofauti, na kila moja ina vifaa vyake na mafunzo yake. Anayejua kuzima moto hajui nyingine kwa sababu tu amevaa kofia.

12/ Kazi ya kwanza, ajali za barabarani. Matatu imegongana na lori, dereva amebanwa miguu. Kinachohitajika ni mikasi na mitanuo ya haidroliki, na mtu anayejua akate wapi bila kuvunja uti wa mgongo wa majeruhi. Sisi tumezoea kuona abiria akivutwa mkono na wapita njia wenye nia njema. Wengine hutolewa wakiwa hai, kisha mwili unalemaa kwa sababu ya jinsi walivyotolewa. Siwalaumu wananchi. Wao ndio waliokuwepo.

13/ Kazi ya pili, majengo yaliyoporomoka. Usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma, Nairobi, baada ya mvua kubwa. Zaidi ya watu 50 walikufa. Lakini kumbuka pia hili: karibu siku nne baadaye mtoto mchanga alitolewa hai, na siku ya sita watu wengine wakatolewa wakiwa hai. Kazi hii ni ya kunyamazisha umati ili usikilize sauti, kuegemeza zege kwa mbao, kuchimba kwa mkono. Tingatinga likiingia mapema, linaweza kumaliza yule aliyebaki anapumua.

14/ Kazi ya tatu, majini. Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka kwa feri Likoni, mama na binti yake wakiwa ndani. Walitolewa Oktoba 11, kwenye kina cha zaidi ya mita 50, baada ya kuhusisha wapiga mbizi wa jeshi la wanamaji na hata wa kutoka nje ya nchi. Nchi nzima ilitazama. Lakini kaunti zisizo na bahari zina mabwawa, mito na machimbo ya mawe yaliyojaa maji ya mvua. Huko hakuna kamera. Mara nyingi familia huchanga pesa kulipa vijana wa mtaa wanaojua kupiga mbizi.

15/ Kazi ya nne, mashimo. Kisima, choo cha shimo, tangi la maji taka. Hii ndiyo hunitia uchungu zaidi kwa sababu huua wawili au watatu kwa pamoja. Wa kwanza anaingia, anazidiwa na hewa chafu, anaanguka. Wa pili ni ndugu yake, anaruka kumtoa. Wa tatu ni jirani. Mle ndani oksijeni haitoshi, au kuna gesi ya haidrojeni salfaidi. Kinachookoa ni kipima gesi, mtungi wa hewa mgongoni, kamba na stendi ya miguu mitatu. Vifaa hivi ni bei ndogo sana ukilinganisha na gari jipya.

16/ Kazi ya tano, mafuta, gesi na kemikali. Januari 31, 2009, lori la mafuta lilianguka Sachangwan karibu na Molo, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka. Zaidi ya 100 walikufa. Septemba 12, 2011, mafuta yalivuja kutoka bomba hadi kwenye mtaro, Sinai, Nairobi. Takriban 100 tena. Februari 2024, gesi ililipuka Embakasi katikati ya makazi. Hapa kazi ya kwanza si maji. Ni kutenga eneo, kuondoa watu, kuzuia cheche, kujua upepo unaelekea wapi. Anayefanya hivyo lazima afike kabla ya moto, na lazima watu wamsikilize.

17/ Je, kila kaunti kati ya 47 iwe na timu zote tano? Kwa maoni yangu, hapana. Timu isiyofanya mazoezi ni watu waliovaa sare tu. Lakini Kifungu cha 189 cha Katiba kinaruhusu kaunti kushirikiana na hata kuunda mamlaka ya pamoja. Kaunti nne jirani zinaweza kugawana timu moja ya majengo na moja ya majini. Kikwazo ni siasa: gari la pamoja litaandikwa jina la gavana yupi? Nacheka, lakini jibu la hilo swali limegharimu maisha.

18/ Kwa sasa pengo linazibwa na Msalaba Mwekundu, St John Ambulance, jeshi, polisi, vijana wa NYS na majirani. Tuwashukuru. Lakini usimruhusu mgombea akuambie "wadau wapo." Mdau anakuja kusaidia. Katiba haikumpa mdau kipengele cha 12.

19/ Tuhamie upande wa kuzuia. Lalamiko: "cheti cha zimamoto ni ushuru tu." Wafanyabiashara, nawasikia. Kama afisa anafika dukani, anachukua pesa na kuandika risiti bila kuangalia hata soketi moja, huo ni ushuru umevaa kofia. Lakini dawa yake si kufuta ukaguzi. Dai ukaguzi wenyewe.

20/ Afisa akija, anafaa kuangalia: mlango wa dharura unafunguka au umefungwa kufuli? Ngazi zimejaa makatoni? Kizima-moto kina presha, na kuna mtu anayejua kukitumia? Nyaya zimeunganishwa vipi? Gesi imewekwa wapi? Kanuni za 2007 za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi zinataka pia zoezi la kuhama jengo angalau mara moja kwa mwaka. Wewe unayesoma hii ukiwa kazini: mara ya mwisho mlifanya lini?

21/ Shule. Machi 2001, wanafunzi 67 walikufa bwenini Kyanguli, Machakos. Septemba 2024, watoto 21 walikufa bwenini Endarasha, Nyeri. Katikati ya hizo mbili, mwaka 2008, wizara ilitoa mwongozo wa usalama shuleni: mita 1.2 kati ya vitanda, milango ifunguke kuelekea nje, madirisha yasiwe na vyuma. Maarifa tulikuwa nayo. Kilichokosekana ni mtu wa kuingia bwenini na kipimo cha mkono, kila muhula, na mamlaka ya kusema "hapa halali mtoto leo."

22/ Mtu huyo anaweza kuwa mzima moto wa kaunti. Kituo kikiwa na watu wa kutosha, zamu isiyo na moto haikai ikicheza drafti. Inazunguka shule, soko, hospitali, kanisa, msikiti. Inafundisha akina mama wa mtaa kuzima mafuta yaliyoshika moto kwa kifuniko, si kwa maji. Inawafundisha watu wa bodaboda huduma ya kwanza, maana wao ndio hufika ajalini kwanza. Kwangu mimi hii ndiyo huduma inayookoa wengi kwa bei ndogo.

23/ Na inajenga imani. Mtaa wa mabanda ambao umemjua mzima moto kwa jina hauwezi kumrushia mawe. Utamsaidia kuvuta mpira. Utakubali pia lile jambo gumu, la kuacha njia ya gari. Tazama Gikomba, soko linaloungua tena na tena. Mwaka 2018 watu 15 walikufa pale. Kila mara tunasema gari lilikosa njia. Kufungua njia kunamaanisha kuhamisha vibanda, na vibanda vina kura. Kwa hivyo wanaotafuta kura huahidi gari. Njia hawaigusi.

24/ Niliwahi kuketi kwenye kikao cha maoni ya umma, kaunti nitaiacha bila jina. Nikauliza: zamu ya usiku ina wazima moto wangapi? Afisa akajibu kwa dakika tatu kuhusu ukubwa wa tangi la gari jipya. Watu wakapiga makofi. Swali langu halikuandikwa kwenye kumbukumbu. Tangu siku hiyo nauliza kwa maandishi.

25/ Maswali matano ya kubeba. (a) Zamu ya usiku ina watu wangapi, kwa kila kituo? (b) Ni mitungi mingapi ya hewa inayofanya kazi leo? (c) Haidranti ngapi zilikaguliwa mwaka huu, na ngapi zina maji? (d) Ni timu ipi itakuja mtu akianguka kisimani au jengo likiporomoka, na ilifanya mazoezi lini? (e) Shule ngapi zilitembelewa, na ngapi ziliambiwa zirekebishe? Mgombea akijibu mawili, msikilize. Akijibu kwa picha ya gari, umejua.

26/ Uulize lini? Kaunti huandaa mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1. Mkakati wa fedha huwasilishwa bungeni kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti ni kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Ukienda Mei kulalamika, tayari hesabu zimepangwa. Enda mapema, wakati mkakati unaandikwa, na umbane MCA wako hapo.

27/ Wakikataa kujibu, una Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Andika barua. Ofisi ina siku 21 za kutoa uamuzi. Kama habari inahusu uhai wa mtu, ni saa 48. Pia soma ripoti za Msimamizi wa Bajeti. Huko utaona pesa zilizotengwa na zile zilizotumika kweli, na mara nyingi hizo ni nambari mbili zisizofahamiana.

28/ Kabla hujafunga simu, haya ni ya nyumbani. Moshi ukijaa, tambaa chini, hewa nzuri iko karibu na sakafu. Ukitoka usirudi kuchukua TV. Mtu akianguka shimoni usiingie, ita msaada, pitisha hewa, rusha kamba. Lori la mafuta likianguka, kimbia upande wa pili. Piga 999 au 112, Msalaba Mwekundu ni 1199. Na utafute nambari ya kituo cha zimamoto cha kaunti yako LEO. Ukielekeza, taja alama inayojulikana: shule, steji, kanisa. "Nyuma ya kwa mama Njeri" haimsaidii dereva.

29/ Sijasema magari ni mabaya. Moto hauzimwi kwa ndoo. Ninachosema ni kwamba gari ni kitu cha mwisho kwenye orodha ndefu, nasi tumelifanya la kwanza na la pekee kwa sababu linaonekana. Mwanasiasa huleta kile tunachopigia makofi.

30/ Uzi umeishia hapo. Ukipata jibu la swali (a) kutoka kaunti yako, liandike hapa chini, nambari tu na jina la kituo. Nitazikusanya zote tuzisome pamoja kabla ya Februari.